Mafuta Yanapoziba Utumbo

Mhadhara kwa wakazi, walimu, wahudumu wa afya na wachimbaji, Ibadakuli, Shinyanga



Mzungumzaji anawashukuru kwa kuacha shughuli za jioni na kuja kusikiliza habari za matumbo, jambo ambalo kwa desturi zetu halizungumzwi hadharani. Atajitahidi kutumia lugha ya heshima, ila mtamwia radhi. Ugonjwa huu una maswali ambayo hayana namna ya kupambwa, na la kwanza ni kama mgonjwa ametoa choo na hewa tangu jana.

Lengo la mhadhara ni kueleza jinsi uvimbe wa mafuta, usio saratani na usiosambaa, unavyoweza kuziba utumbo wa mtu mzima na kumfikisha kwenye meza ya upasuaji. Pamoja na hilo, mhadhara unadai kwamba hatari kubwa ya ugonjwa huu katika ukanda wa Shinyanga na Geita imo kwenye saa zinazopotea kabla tumbo halijafunguliwa. Wapo watakaouliza: kwa nini jioni nzima itumike kwa ugonjwa wa nadra, na malaria ipo, na kifua kikuu kipo? Swali ni la haki. Jibu ni kwamba ugonjwa huu wa nadra huvaa sura ileile ya magonjwa mengine mengi ya tumbo yaliyojaa hapa kwetu, na hatua zinazomwokoa mgonjwa wake ndizo zinazowaokoa na hao wengine.

Hoja ya kwanza: uvimbe wa mafuta ni mpole kwa tabia, ila mahali ulipo panaweza kuufanya uwe hatari

Wengi hapa wameshauona uvimbe wa aina hii chini ya ngozi: shingoni, mgongoni, begani. Ni laini, ukiubonyeza unateleza, hauumi, na mtu hukaa nao miaka hadi unakuwa sehemu ya sura yake. Waganga wa hospitali huuita lipoma. Umejengwa kwa chembe za mafuta zilizokomaa, zilezile za kawaida mwilini, zilizojikusanya ndani ya utando mwembamba. Kugeuka kwake kuwa saratani ni jambo ambalo daktari anaweza kufanya kazi maisha yake yote asilione.

Uvimbe huohuo huweza kuota ndani ya utumbo. Maandishi ya kitabibu humtaja Bauer kuwa wa kwanza kuueleza, mwaka 1757. Mara nyingi hupatikana kwenye utumbo mpana, hasa upande wa kulia, pale utumbo mwembamba unapomimina chakula kwenye utumbo mpana. Kwenye utumbo mwembamba wenyewe hupenda sehemu ya mwisho. Takriban tisa kati ya kumi huota chini tu ya ngozi laini ya ndani, ndiyo maana unapokua huelekea kwenye njia ya chakula. Wengi walio nao ni watu wa miaka 50 hadi 70, na wengi wao hawatajua kamwe kwamba wanao. Ukiwa chini ya sentimita 2 hukaa kimya. Ukizidi hapo unaweza kuanza kuleta maumivu, damu kwenye choo, na mwisho wake kuziba njia.

Kabla mtu hajanyoosha mkono kuuliza: hapana, hautokani na kula chipsi. Mtu mwembamba hupata, mnene hupata. Mama anayemwaga mafuta yote ya kupikia nyumbani kwa ajili ya mhadhara huu atakuwa amepata hasara ya bure.

Hoja ya pili: utumbo hujimeza wenyewe

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa takriban mita 6, na utumbo mpana takriban mita moja na nusu. Urefu wote huo hauna fundi wa kusukuma chakula isipokuwa ukuta wenyewe, unaojibana na kujiachia kwa mawimbi, usiku na mchana. Ukuta huo hauna macho. Uvimbe uliojitokeza ndani huuhesabu kuwa tonge la ugali, na kuusukuma mbele. Uvimbe haung'oki, kwa sababu umeshikamana na ukuta. Basi unauvuta ukuta nyuma yake, na kipande cha utumbo kinaingia ndani ya kipande kinachofuata, kama mkono wa shati unaovutwa na kuingia ndani yake wenyewe wakati wa kuvua.

Kikiingia, kinaingia pamoja na mishipa yake ya damu. Mishipa inayorudisha damu moyoni ina kuta nyepesi, kwa hiyo hubanwa kwanza. Damu inaingia bila kutoka, utumbo unavimba, unatoa ute wenye damu. Kuvimba huko kukizidi, hata mishipa inayoleta damu huzibwa. Kuanzia hapo utumbo unakufa kidogo kidogo, unaoza, unatoboka, na uchafu unamwagika tumboni. Mambo haya yote huweza kwisha ndani ya siku moja, au yakachukua miezi. Ndiyo tabia ya kudanganya ya ugonjwa huu: utumbo unaweza kujichomoa wenyewe. Maumivu yanakatika, mtu anainuka, anakula, anarudi kazini. Wiki mbili baadaye yanarudi.

Hoja ya tatu: mtu mzima si mtoto mkubwa

Utumbo kujimeza ni ugonjwa unaofahamika zaidi kwa watoto wachanga. Daktari John Hunter wa London aliueleza mwaka 1789, na mwaka 1871 Jonathan Hutchinson, wa mji huohuo, alimfanyia upasuaji mtoto wa kike wa miaka 2, akapona. Kwa mtoto, mara nyingi hakuna chanzo kinachoonekana. Tanzania ilipoanza kuwapa watoto chanjo ya rota, inayokinga kuhara, mwaka 2013, wataalamu walifuatilia kwa makini kama chanjo hiyo ingeongeza ugonjwa huu. Matokeo ya nchi 7 za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, yalichapishwa mwaka 2018, na hayakuonyesha ongezeko. Akina mama waliowapeleka watoto wao kliniki hawana la kujutia.

Kwa mtu mzima hesabu inageuka. Kati ya wagonjwa wote ambao utumbo wao umejimeza, watu wazima ni kama 5 katika kila 100, na karibu kila mmoja wao ana kitu kilichouvuta: uvimbe wa mafuta, uvimbe mwingine, kovu, au saratani. Hospitali kubwa ya Massachusetts General mjini Boston, Marekani, ilipitia miaka 30 ya upasuaji wake, na mwaka 1997 ikatoa hesabu: watu wazima 58. Hospitali yenye jina na vifaa vya kila aina, miaka 30, watu 58. Katika karibu nusu ya visa hivyo chanzo kilikuwa saratani.

Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo inayomfanya daktari wa upasuaji asimtume mgonjwa nyumbani kwa maneno ya faraja. Tumbo likiwa bado halijafunguliwa wala kupimwa vizuri, uvimbe wa mafuta na saratani hubisha hodi kwa namna moja.

Hoja ya nne: kwetu, mafuta ni mgeni kati ya wenyeji

Hapa inabidi kusema kweli. Tumbo la mtu mzima wa Shinyanga likifunga, daktari hafikirii mafuta kwanza. Anafikiria ngiri iliyonasa, hasa kwa mwanamume anayebeba mizigo mizito, na kubeba viroba vya mawe kutoka kwenye duara, yaani shimo la machimbo, hadi kwenye karasha, yaani mashine ya kusagia mawe, si kazi nyepesi. Anafikiria makovu ya upasuaji wa zamani, yanayounganisha matumbo mahali yasipotakiwa kuungana. Na anafikiria utumbo uliojisokota.

Kujisokota ni ugonjwa wenye historia ndefu Afrika Mashariki. Mwaka 1968 daktari wa upasuaji J. J. Shepherd alichapisha mapitio ya wagonjwa 425 ambao sehemu ya mwisho ya utumbo mpana ilijisokota, akitumia uzoefu wa Kampala. Mia nne ishirini na tano, mbele ya wale 58 wa Boston! Ni magonjwa mawili tofauti, lakini tofauti hiyo inaonyesha jinsi tumbo la mtu linavyobeba alama za mahali anapoishi. Kinachotajwa mara nyingi ni chakula chenye makapi mengi, kinachorefusha na kupanua utumbo mpana. Wasukuma waliolelewa kwa ugali wa mtama, michembe na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa) wasije wakaona wametukanwa. Chakula hichohicho kilisifiwa na Denis Burkitt, daktari aliyefanya kazi Uganda kuanzia 1946, kwa kuwakinga watu na magonjwa mengi ya utumbo yaliyowasumbua Wazungu.

Afrika Magharibi nako kuna sura yake. Mjini Ibadan, Nigeria, G. J. Cole aliandika mwaka 1966 juu ya watu wazima ambao mwanzo wa utumbo mpana hujimeza, ugonjwa uliozoeleka pale kuliko kwingine.

Kisha kuna kifua kikuu. Jina lake linapotosha, kwa sababu hakikai kifuani tu. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa Mwanza mwaka 1971 na inayopokea wagonjwa wa rufaa wa Kanda ya Ziwa, ilichapisha mwaka 2013 taarifa ya wagonjwa 118 ambao utumbo wao uliziba kwa sababu ya kifua kikuu. Mahali palipoathirika zaidi ni palepale panapopendwa na uvimbe wa mafuta: makutano ya utumbo mwembamba na utumbo mpana. Kwa ukanda wa dhahabu hilo si habari ya mbali. Vumbi la mawe yanayosagwa huharibu mapafu na kukifungulia mlango kifua kikuu, na anayekohoa na kumeza makohozi yake anapeleka vimelea tumboni.

Kwa nini mlolongo huu umekaa ndani ya mhadhara wa mafuta? Kwa sababu mgonjwa haji na kibao kifuani. Anakuja ameshika tumbo. Ngiri, kovu, kujisokota, kifua kikuu, saratani, mafuta: vyote sita vinatoa dalili nne zilezile. Maumivu yanayokuja kwa mawimbi, yakikaza na kuachia. Kutapika. Tumbo kujaa. Kutopata choo wala kutoa hewa. Ndugu zetu walimu, dalili hizi nne zinafaa kuandikwa ubaoni.

Hoja ya tano: saa zinapotelea mahali panapojulikana

Mchukue mchimbaji wa miaka 45 kwenye machimbo ya Nyarugusu, mkoani Geita. Si mtu fulani, ni mfano, na kila aliyepo hapa anaweza kumpa jina la jirani yake. Tumbo lilianza kumkata tangu mavuno yaliyopita, hasa baada ya kula. Duka la dawa lilimpa Flagyl, kisha dawa ya minyoo, kisha vidonge vya vidonda vya tumbo. Kila safari alipata nafuu, kwa sababu utumbo ulijichomoa wenyewe, na sifa ikaenda kwa kidonge. Mtu wa namna hii hana sababu ya kwenda mbali zaidi. Ameponywa mara tatu!

Mara ya nne maumivu hayaachii. Usiku huo anapewa dawa ya kuharisha, ya dukani au ya mizizi, kwa hoja kwamba choo kimegoma basi kilazimishwe. Hapa mzungumzaji anaomba radhi kwa wazee wanaojua dawa, maana wapo wanaoheshimika na wanaosaidia watu kwa mengi. Lakini kwa tumbo lililofunga, dawa ya kuharisha inazidisha nguvu ya kusukuma kwenye njia iliyozibwa, na utumbo uliolegea kwa kukosa damu unaweza kupasuka. Mgonjwa wa hivyo asipewe chakula, asipewe kinywaji, asipewe dawa yoyote ya kuendesha. Apelekwe.

Apelekwe wapi? Mkazi wa Ibadakuli ana unafuu ambao hauhesabu. Kata hii imo ndani ya Manispaa ya Shinyanga. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko Mwawaza, na Kolandoto, hospitali iliyoanzishwa na wamisionari wa Africa Inland Mission mwaka 1913, haiko mbali. Bugando ipo Mwanza, na kwa watu wa Geita sasa ipo pia Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Chato. Mwaka 2015 Tume ya jarida la Lancet juu ya upasuaji ilipendekeza watu waweze kufikia, ndani ya saa 2, hospitali yenye uwezo wa kufanya mambo matatu: upasuaji wa uzazi, kutibu mfupa uliovunjika na kutokeza nje, na kufungua tumbo. Kwa kipimo hicho mtu wa Ibadakuli amepita. Mchimbaji aliye porini kilomita nyingi kutoka barabara ya lami, msimu wa mvua, saa nane za usiku, hajapita, na pikipiki inayomrusharusha si gari la wagonjwa.

Hoja ya sita: mafuta hujitangaza kwenye kipimo

Mgonjwa akishafika hospitali, mambo ya kwanza ni mepesi na yanaokoa maisha kabla ya kisu. Dripu ya maji na chumvi, maana anayetapika siku mbili amekauka. Mpira wa puani wa kunyonya uchafu uliojaa tumboni. Mpira wa mkojo wa kupima kama figo zinafanya kazi. Damu ya akiba. Eksirei ya tumbo huonyesha utumbo uliojaa hewa na maji. Altrasaundi huonyesha utumbo uliojimeza kama duara ndani ya duara, na wachimbaji msicheke, hili halina dhahabu.

Kipimo cha CT ndicho chenye neno la mwisho. Mashine hiyo iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield, mshindi wa tuzo ya Nobel ya mwaka 1979, hupima uzito wa kila kipande cha mwili kwa namba. Maji yanapewa sifuri. Mafuta, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, hushuka chini ya sifuri, karibu na hasi 100. Saratani haifiki huko, wala kifua kikuu, wala kovu. Kati ya vitu vyote vinavyoweza kuziba utumbo, lipoma ni mojawapo ya vichache vinavyoweza kutambuliwa kwa jina kabla tumbo halijaguswa. Baada ya Tanzania kupata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 2021, sehemu ya fedha hizo ilinunua mashine za CT kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Huo ni uamuzi uliostahili kupongezwa kuliko ulivyopongezwa.

Matibabu yenyewe hayahitaji maneno mengi. Uvimbe mdogo unaweza kutolewa kwa kamera iliyopitishwa njia ya haja kubwa. Mkubwa haufai kukatwa hivyo ovyo, kwa kuwa utumbo unaweza kutoboka. Utumbo ukiwa umejimeza na kuziba, tumbo linafunguliwa. Kwenye utumbo mpana daktari kwa kawaida hukata sehemu yote iliyoathirika bila kuivuta itoke kwanza, kwa hofu ya kusambaza saratani iwapo ndiyo iliyomo. Kwenye utumbo mwembamba, kama ni mzima na uvimbe ni wa mafuta bila shaka, unaweza kuchomolewa taratibu na uvimbe ukatolewa peke yake. Miisho miwili inaunganishwa. Aliyewahi huamka akiwa amepona, na uvimbe aliotolewa hautarajiwi kumrudia. Aliyechelewa anaamka, ikiwa ataamka, na utumbo uliofunguliwa nje ya tumbo, kidonda kichafu, na deni.

Ndugu wasikilizaji, yapo mambo ya kufanya kuanzia sasa, na mhadhara haukuja kuwaaga bila kuyataja.

La kwanza ni la hospitali za ukanda huu. Kila kipande cha utumbo kinachokatwa kipelekwe kwa mtaalamu wa patholojia, hata kama kwa macho kinaonekana ni mafuta matupu, na majibu yake yahifadhiwe na kuchapishwa. Bugando imefanya hivyo kwa kifua kikuu, na leo mtu anaweza kusimama Ibadakuli akataja namba. Kwa utumbo wa mtu mzima uliojimeza, mzungumzaji amelazimika kwenda Boston.

La pili ni la wenye maduara na makarasha. Mtu wenu akilalamika tumbo zaidi ya mara mbili kwa dalili zilezile, mpeni ruhusa ya kwenda kupimwa altrasaundi, msimpe tu fedha ya kidonge. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, iwakute wachimbaji wadogo wamo kwenye orodha.

La tatu ni la viongozi wa kata hii na za jirani. Mwaka 2013 mpango wa m-mama ulijaribiwa kwa mara ya kwanza katika wilaya mbili, Sengerema na Shinyanga, kabla haujaenea nchi nzima. Mama mjamzito mwenye shida anapigiwa namba 115 bila malipo, na mahali pasipo na gari la wagonjwa, dereva wa kijijini aliyesajiliwa humpeleka hospitali na kulipwa kwa simu. Barabara ni zilezile, madereva ni walewale, na hospitali anayopelekwa mama kwa upasuaji wa uzazi ndiyo yenye chumba cha kufungulia tumbo la mtu mwingine yeyote. Mkoa ulioanza kuujaribu mpango huu una haki ya kuomba upanuliwe. Kamati ya maendeleo ya kata ikikutana, iandike barua kwa mganga mkuu wa mkoa, iombe mtu mzima mwenye zile dalili nne naye apewe gari kwa namba hiyohiyo.